Skrini nyeusi baada ya kubadili kadi ya grafiki? Kagua haya kabla ya kununua nyingine

Kadi mpya imeingia, feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini monita nyeusi tii. Wengi huamua hapo hapo kwamba wameuziwa kadi mbovu. Mara nyingi kadi ni nzima, tatizo ni waya, umeme au BIOS.

Kwa mkazi wa Chukwani, kubeba kompyuta ya mezani kwenye daladala hadi kwa fundi mjini ni nauli na usumbufu. Hatua hizi zinahitaji bisibisi tu.

Kabla ya kufungua kasha: zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, kisha gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli.

1. Waya wa monita
Waya wa HDMI au DisplayPort uchomekwe kwenye kadi mpya, sio kwenye tundu la zamani la madabodi. Hakikisha pia monita imechagua tundu hilo hilo.

2. Kadi imekaa sawa?
Itoe, irudishe, sukuma mpaka kifungio kilie "tak". Chukwani ni pwani, na hewa ya chumvi huleta kutu. Meno ya kadi yakiwa na uchafu, yafute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, yaache yakauke.

3. Waya wa umeme wa kadi
Tundu la madabodi hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa huhitaji waya wa ziada: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. Usipochomeka, feni zinaweza kuzunguka bila picha. Epuka adapta za bei chee zinazochukua umeme kwenye waya wa diski, zinaweza kuungua.

4. Pawa saplai inatosha?
Hapa ndipo kompyuta za ofisi za mtumba zinapokwama. Mfano, Dell OptiPlex 7010 ya kasha kubwa ina pawa saplai ya wati 275. RTX 3060 peke yake hula wati 170, na NVIDIA inashauri pawa saplai ya wati 550. Kwa mashine kama hiyo, tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama baadhi ya GTX 1650.

5. RAM na BIOS
RAM husogea wakati wa kufunga kadi. Itoe na uirudishe. Kisha toa betri ndogo ya madabodi kwa dakika 5 ili BIOS irudi mwanzo. Kompyuta ya zamani yenye BIOS isiyo ya UEFI inaweza kuikataa kadi ya kisasa. Rudisha kadi ya zamani, usasishe BIOS, ndipo ujaribu tena.

6. Jaribio la mwisho
Toa kadi, chomeka monita kwenye madabodi. Picha ikija, kompyuta ni nzima. (Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina grafiki ya ndani, hivyo hazitaonyesha kitu.)

Kisha omba kuijaribu kadi kwenye kompyuta nyingine yenye umeme wa kutosha. Ikigoma na huko, rudi dukani na risiti. Ikiwaka, pesa yako iende kwenye pawa saplai, sio kadi nyingine.