Kopo na Bustani: Tarikhi ya Nyanya ya Mchuzi Katika Kindu

Henry Morton Stanley alipofika Nyangwe mwezi wa Oktoba 1876, katika mji ule wa Waungwana uliokuwa ukingoni mwa Lualaba, juu ya mto kutoka mahali ambapo Kindu imesimama leo, alilitazama gulio lake kwa makini, akaandika orodha ndefu ya kila kilichouzwa humo: viazi vitamu na viazi vikuu, mahindi, ufuta, mihogo na unga wake, njugu, ndizi, miwa, pilipili, mananasi, asali, mayai, mafuta ya mawese, samaki wabichi na wakavu, konokono waliokaushwa, kumbikumbi, panzi, chumvi, tumbaku, majembe, mikuki, mikeka, pembe za ndovu, na, mwisho wa orodha, binadamu. Nyanya haimo. Zimo mboga za kutilia mchuzi, bila kutajwa aina zake, na mtu mwenye kupenda kubisha aweza kusema kwamba nyanya imejificha humo. Walakini msafiri aliyekuwa na subira ya kuhesabu konokono na panzi asingelipita bila kulitaja tunda jekundu alilolijua tangu kwao.

Habari hii naianzia hapo kwa makusudi, kwa kuwa watu wa Maniema, ukiwauliza mchuzi wa samaki wa mto hupikwaje, hukutajia mawese, pilipili, kitunguu na nyanya kana kwamba vyote vinne vimezaliwa tumbo moja, hali ya kuwa mawese peke yake ndiyo mwenyeji wa asili katika chungu kile. Pilipili asili yake ni Amerika, kama ulivyo muhogo ambao majani yake ndiyo sombe; na wali unaoliwa na mchuzi huo ulipandwa kwa wingi katika nchi hii na watu waliotoka pwani. Nyanya ndiyo mgeni wa mwisho kuingia, na kama wageni wengi waliochelewa, imekalia kiti cha mbele.

Wenyeji hawakukosa cha kukoleza chakula kabla yake. Walikuwa na nyanya chungu, ile ndogo ya mviringo yenye mistari, ambayo ni jamaa ya bilinganya na ndiyo nyanya ya Kiafrika kweli. Walikuwa na mchuzi wa chikichi zilizotwangwa, mzito, wenye rangi yake mwenyewe. Na walikuwa na elimu kamili ya kuhifadhi, maana samaki wa Wagenya, wavuvi wa mto, walibanikwa juu ya moto wa polepole hata wakaweza kusafiri siku nyingi, na kumbikumbi walianikwa juani. Waungwana nao, waliokuwa wafuasi, watumishi na watoto wa wafanya biashara wa Unguja na Tabora, walileta desturi nyingine, nayo ni bustani ya nyumbani, yenye ua na yenye kumwagiliwa. Sidney Langford Hinde, tabibu Mwingereza aliyekuwamo katika jeshi la Dola ya Kongo lililoiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, alistaajabia bustani alizozikuta humo, zenye michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi, maembe na migomba, na maghala yaliyojaa mchele na mahindi. Alikuwa akiuandika mji ulioshindwa, na uzuri wa bustani zile haukufuta damu iliyomwagika ili zipatikane. Ni katika gulio lile la Nyangwe kwamba David Livingstone aliona kwa macho yake, tarehe 15 Julai 1871, wanawake wauzaji wakipigwa risasi na watu wa wafanya biashara wale wale. Hata hivyo desturi ya kuzungushia ua kipande cha ardhi nyuma ya jiko, na kukipanda vitu vya mchuzi badala ya vitu vya shibe, ilibaki baada ya mabwana wake kuondoka. Na katika kipande hicho nyanya, ambayo huko Unguja na Mombasa huitwa tungule, ilipata makao yake.

Kindu yenyewe ni mtoto wa reli. Kampuni ya Kibelgiji ya reli za Kongo ya Juu na Maziwa Makuu iliona kwamba mto unapitika kwa meli kutoka Ponthierville, sasa Ubundu, hata Kindu, na kwamba zaidi ya hapo maporomoko huikata njia. Basi ikatandaza reli ya kilomita 355 kutoka Kindu hata Kongolo, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910. Mahali pa kushusha shehena majini na kuipakia garini palizaa mji: makarani, mabaharia, mafundi, wachukuzi, na wake zao waliohamia kutoka vijiji vyenye mashamba hadi safu za nyumba zisizo na shamba. Mtu wa kijijini hula alichopanda; mtu wa mshahara hula alichonunua, na mwisho wa mwezi hupenda mchuzi wake uwe na rangi. Kwa rai yangu, hapo ndipo nyanya ilipopata daraja yake katika Kindu, katika tofauti ya mpishi wa kambi ya reli na mama yake aliyebaki Kibombo au Kasongo.

Serikali ya kikoloni haikuwa na haja nayo. Kuanzia 1917 ilimlazimisha mkulima wa Maniema kupanda pamba na mpunga, kwa siku 60 za kila mwaka, na mwaka 1942, kwa kisingizio cha vita, siku hizo zikafanywa 120. Pamba ilipimwa, mpunga ukapimwa, na aliyepunguza akafungwa au akapigwa kiboko. Lakini matuta mawili ya nyanya nyuma ya jiko hayakuandikwa katika daftari yoyote. Kutoandikwa huko ndiko kulikoyahifadhi, na pia ndiko kunakomtaabisha mwandishi wa tarikhi, kwa sababu kazi za wanawake zisizotozwa kodi hazina nyaraka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha habari hii yote. Mwaka 1932 iliundwa kampuni iliyoitwa Symétain, yenye makao ya kazi yake Kalima, takriban kilomita 100 mashariki ya Kindu, ili kuchimba kasiterite, ambayo ni mawe ya bati. Bati lenyewe lina kazi nyingi, lakini mojawapo ya kubwa zake tangu Peter Durand alipopewa hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1810 ni kupaka juu ya chuma chembamba ili kisishike kutu, yaani kutengeneza makopo ya kuhifadhia vyakula. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani wakakosa chimbuko lao kubwa la bati, na mawe ya Kongo yakawa na thamani mpya. Vijana wa Maniema wakaingizwa mashimoni kwa maelfu. Bati lao likatoka kwa njia ya Kindu, likapanda gari au likateremka mto. Na kwa njia hiyo hiyo, katika maduka ya Wagiriki na Wareno na Wahindi, yakaingia makopo madogo yaliyovaa karatasi yenye picha ya nyanya. Hapana awezaye kulishika kopo fulani na kuapa kwamba bati lake lilichimbwa Kalima, wala sithubutu. Lakini nchi iliyolilisha soko la dunia kwa bati ilikuwa ikiuziwa nyanya kwa bei ya kopo, na udongo wa kuzipanda uko chini ya miguu yake.

Kopo likapendwa, tusiseme uongo. Halikuoza, halikuwa na majira, na lilipokwisha liligeuka kipimo: chumvi, karanga na maharagwe katika masoko ya mashariki ya Kongo hupimwa kwa kopo tupu, na mnunuzi hodari hutazama kwanza kama kitako chake hakikupigwa nyundo kikaingia ndani.

Lililomo ndani ya kopo ni hesabu tu. Nyanya mbichi ni maji kwa kiasi cha sehemu 94 au 95 katika 100. Rojo la kopo lililo zito limekaushwa hata kitu kikavu kikafika sehemu 28 au zaidi. Kwa hiyo kilo moja ya rojo hilo hutaka karibu kilo sita za nyanya, na moto wa kutosha kuyafukuza maji yaliyozidi. Ndiyo sababu wenye viwanda wa Italia, huko Parma na katika mashamba yaliyo chini ya mlima Vesuvius, walitafuta nyanya zenye nyama nyingi, mbegu chache na maji kidogo, ndefu kama yai lililovutwa, ambazo mashuhuri yao ni San Marzano. Kutokana na hiyo wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, huko Beltsville, walizalisha katika miaka ya 1950 aina waliyoiita Roma, yenye jina la Kitaliani na kuzaliwa Maryland, nayo imeenea sana Afrika ya Mashariki na ya Kati. Sifa zake mbili zinamfaa mtu wa bustani ndogo: kwanza, kichaka chake hakirefuki sana na matunda yake huiva karibu pamoja, ambayo ni kero kwa mtaka nyanya moja kila siku, lakini ni rehema kwa mtaka kuzipika zote kwa sufuria moja; pili, si chotara, na mbegu zake huzaa mfano wake. Mwenye akili huchagua tunda zuri la shina lenye afya, akamimina mbegu na ute wake katika kikombe, akaziacha zichachuke siku mbili au tatu, akaziosha na kuzianika kivulini, na mwaka ujao hana haja na duka.

Tabia ya nchi ya Kindu haiirehemu nyanya. Mji uko digrii tatu kusini ya ikweta, katika bonde la joto na unyevu, na mvua huanza Septemba zikaendelea hata Mei. Katika mvua hizo bakajani huyachoma majani kwa siku chache, na mnyauko wa bakteria, ambao umo udongoni na hauna dawa, huliangusha shina lililokuwa zima asubuhi. Roma huvumilia maradhi kadhaa ya ukungu wa udongoni, lakini kwa hayo mawili haina kinga. Basi mwenye kuijua kazi hii hukifanya kitalu chake mwisho wa Aprili, chini ya kichanja cha makuti ya michikichi ili matone yasiivunje miche, akapandikiza mwisho wa Mei, wakati mvua zinaaga, katika udongo ambao mwaka uliopita haukuwa na nyanya wala bilinganya wala pilipili. Humwagilia shinani bila kulowesha majani, hufunika ardhi kwa nyasi kavu, na mwezi wa Agosti huvuna. Wenye bahati ni wale wa kando ya Lualaba, pande zote mbili, upande wa mji na upande wa Alunguli, ambao mto ukipungua huwaachia ukingo wenye rutuba na maji ya karibu.

Kuzipika nyanya hizo hata ziwe rojo kunataka siku nzima. Hutiwa katika maji yanayochemka kwa muda wa kusema bismillahi, zikamenywa, zikakamuliwa mbegu, zikakatwakatwa, kisha zikawekwa motoni katika sufuria pana isiyofunikwa. Saa ya kwanza ni supu tu, na mtoto anaweza kuachiwa mwiko. Hatari iko mwisho, wakati povu jekundu linapoacha kuruka, mwiko unapoacha njia nyuma yake na kitako cha sufuria kinaonekana kitambo kabla hakijafunikwa tena, maana hapo usipokoroga bila kukoma, kazi ya tangu alfajiri hunuka moshi. Hutiwa chumvi, na ndimu, ambayo si kwa ladha tu bali kuongeza uchachu usiopatana na vijidudu vya sumu viotavyo katika vyakula vilivyofungwa. Rojo likajazwa lingali moto katika chupa zilizochemshwa, na chupa zenyewe, zikiisha kufungwa, zikachemshwa tena. Wengine hukaanga rojo katika mawese na kuliacha chini ya tabaka la mafuta, njia tamu sana, lakini ya wiki chache, si ya miezi.

Turudi kwenye bati: bei yake ya dunia ilianguka Oktoba 1985. Kampuni ya SOMINKI, iliyozirithi Symétain na wenzake mwaka 1976, ikadhoofu hata ikafungwa 1997. Na Oktoba 1998 vita vya pili vya Kongo vikaifikia Kindu. Mpaka 2003 reli ilinyamaza, mashamba ya mbali yakawa hayaendeki kwa khofu ya wenye silaha wa kila upande, na bidhaa ya dukani ikawa ya kuletwa kwa ndege, yaani si ya maskini. Kopo likatoweka mezani mwa wengi. Lililobaki ni lile lisiloandikwa, matuta ya nyuma ya jiko, na waliokuwa na mbegu zao wenyewe hawakumngojea rubani.

Baada ya amani reli ilirudi kwa kusuasua, na kopo likarudi nayo, safari hii aghlabu likitoka China, na muuzaji hulifungua na kuuza kwa kijiko kwa asiyeweza kulinunua zima. Mpishi wa Kindu leo huchanganya: nyanya mbichi mbili tatu, na kijiko cha kopo kwa ajili ya rangi. Wapo wanaomlaumu kwamba amesahau kuhifadhi; mimi nawauliza atahifadhi ndani ya nini. Mbegu ipo, jua lipo, ujuzi upo, makaa ni ghali lakini yapatikana. Chupa yenye kifuniko cha kubana ndiyo adimu kuliko vyote, kwa kuwa chupa za bia, ambazo zimejaa mji mzima, zina amana yake na hurudishwa kiwandani, na tena kizibo chake kikishang'olewa hakifungi mara ya pili. Kwa hiyo atakaye nyanya ya Agosti aile mwezi wa Machi huzipasua mbili, hunyunyiza chumvi, huzitandaza juu ya bati la paa, na kuziingiza ndani kila jioni kabla ya umande.