Darubini za kutazamia ndege katika Karagwe na Kyerwa

Darubini ya kutazamia ndege ni darubini ya macho mawili inayoshikwa kwa mikono. Humwezesha mtazamaji kumtambua ndege kwa mbali bila kumfukuza. Huitwa pia binokulari. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, chombo hiki kinahitajika hasa katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe na Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa. Zote mbili zilikuwa mapori ya akiba hadi zilipopandishwa hadhi mwaka 2019 na kuwekwa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).

Bei ya darubini moja ya daraja la juu kabisa hupita dola 2,000 za Marekani. Hata hivyo, tofauti kati ya darubini bora zenyewe ni ndogo. Jambo kubwa zaidi ni kama ukubwa na nguvu ya darubini vinafaa mazingira ya mahali na macho ya mtumiaji.

Mazingira na ndege

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Eneo lote ni nchi ya vilima vyenye nyasi, vichaka, migomba na mibuni. Mto Kagera ni mpaka na Rwanda upande wa magharibi na mpaka na Uganda upande wa kaskazini, na kandokando yake kuna vinamasi vya mafunjo. Mtazamaji hukutana na mazingira mawili tofauti: mabonde mapana ambako ndege huonekana mbali sana, na mafunjo au vichaka ambako ndege hujitokeza karibu kwa sekunde chache tu.

Ndege anayewavutia wengi ni zuwakulu uso-mwekundu (Lybius rubrifacies). Duniani kote anaishi tu kaskazini-magharibi mwa Tanzania na katika sehemu za nchi jirani zilizo karibu. Uso wake ni mwekundu, lakini kifua na tumbo ni vyeusi. Jamaa yake Lybius torquatus, anayeenea sehemu nyingi za Afrika, ana wekundu unaoshuka hadi kifuani, kisha mkanda mweusi, kisha tumbo la manjano. Kwa macho matupu wote wawili huonekana kama ndege mnene mwenye kichwa chekundu.

Vivyo hivyo kwa tiva wawili wenye tumbo jekundu. Yule wa mafunjo (Laniarius mufumbiri) ana utosi wa manjano na mstari mweupe bawani. Yule wa vichakani (Laniarius erythrogaster) ana utosi mweusi na hana mstari huo. Mwongoza watalii anayekosea hapa humpotosha mgeni aliyesafiri mbali kwa ajili ya ndege mmoja. Mtazamaji anayetuma taarifa zake kwenye hifadhidata kama eBird huingiza kosa katika kumbukumbu zinazotumiwa na wanasayansi.

Maana ya namba

Kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8×42. Namba ya kwanza ni ukuzaji: ndege huonekana kama yuko karibu mara 8. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita.

Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza unapata kipenyo cha duara la mwanga linaloingia jichoni. Kwa 8×42 ni milimita 5.25, kwa 10×42 ni 4.2, kwa 8×32 ni 4, na kwa 10×25 ni 2.5 tu. Mchana wa jua kali mboni ya jicho huwa na milimita 2 hadi 3, hivyo tofauti haionekani sana. Asubuhi yenye ukungu au jioni jua linapozama, mboni hupanuka na darubini yenye duara dogo huonyesha picha hafifu. Mboni ya kijana inaweza kufikia milimita 7 hivi gizani, lakini kwa mtu wa miaka 60 mara nyingi huwa karibu 5. Kwa hiyo mtu mzima hafaidiki sana na lenzi kubwa na nzito kama 8×56.

Ukuzaji mkubwa una gharama yake. Darubini ya mara 10 hukuza pia mtetemeko wa mikono, na kwa kawaida uwanja wake wa kuona ni mwembamba. Inafaa kwa tai na tumbusi wanaoelea juu ya mabonde. Katika mafunjo na vichaka, ile ya mara 8 humpata ndege haraka zaidi.

Prizimu na vioo

Ndani ya darubini kuna prizimu, yaani vipande vya kioo vyenye pembe vinavyogeuza picha ili isionekane kichwa chini. Mwitalia Ignazio Porro alipata hataza ya mpangilio wake mwaka 1854, na mwaka 1894 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilianza kuuza darubini za aina hiyo zilizobuniwa na Ernst Abbe. Darubini nyingi za leo zenye mirija iliyonyooka hutumia prizimu za umbo la paa.

Uso wa kioo usiopakwa kitu huakisi karibu asilimia 4 ya mwanga au zaidi, na darubini ina nyuso nyingi. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alibuni utando mwembamba wa kupunguza mwako huo. Mwaka 1988 Zeiss ilianza kupaka prizimu za paa utando mwingine unaorudisha ukali wa picha. Tando hizi, pamoja na vioo maalumu vinavyozuia rangi za uongo pembeni mwa kitu, ndizo zinazopandisha bei.

Ulinganisho wa aina nne za 8×42

Uwanja wa kuona hupimwa kwa upana unaoonekana katika umbali wa mita 1,000.

- Swarovski NL Pure (Austria, 2020): mita 159, uzito gramu 840 hivi.
- Zeiss Victory SF (Ujerumani): mita 148, gramu 780 hivi; hulenga kitu kilicho karibu hadi mita 1.5.
- Leica Noctivid (Ujerumani, 2016): mita 135, gramu 860 hivi.
- Nikon Monarch HG (Japani): mita 145, gramu 665 hivi, bei yake ni ndogo sana kuliko hizo tatu.

Kwa namba hizi, ya bei nafuu zaidi ndiyo nyepesi kuliko zote, na uwanja wake unaipita moja ya zile ghali. Ubora wa hizo tatu huonekana zaidi katika ukali wa picha pembeni, katika mwanga hafifu na katika uimara.

Kujaribu kabla ya kununua

Inafaa kushika darubini kwa dakika 5 mfululizo ili kupima uzito wake. Kisha kutazama tawi jeusi dhidi ya anga jeupe: mstari wa zambarau au kijani pembeni mwa tawi ni dalili ya kioo hafifu. Kutazama ndani ya kivuli huonyesha uwezo wake wa mwanga. Anayevaa miwani ajaribu akiwa ameivaa. Lenzi ya jicho inapaswa kuruhusu nafasi ya milimita 16 au zaidi, vinginevyo kingo za picha hukatwa.

Utunzaji

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara hukwaruza lenzi likifutwa kavu. Hupulizwa au kuondolewa kwa brashi laini kwanza, ndipo kitambaa kitumike. Wakati wa masika na vuli, unyevu huotesha kuvu juu ya vioo. Darubini iliyojazwa gesi ya nitrojeni au argoni na kuzibwa vizuri haiingiwi na ukungu ndani, lakini nayo haifai kufungiwa ikiwa na maji. Dhamana ni sehemu ya bei: kabla ya kulipa, mnunuzi aulize ni wapi darubini itatengenezwa ikiharibika na nani atalipia usafirishaji.

Kwa shule au kikundi, fedha za darubini moja ya daraja la juu hutosha kununua kadhaa za 8×42 za daraja la kati, na wanafunzi wengi huona ndege kwa wakati mmoja. Kwa mwongozaji anayefanya kazi alfajiri na jioni kila siku, moja iliyo bora inaweza kuwa na faida zaidi.