Mmea Uliokataa Samadi

Mwaka wa 1900, ungemwambia mkulima wa Marekani kwamba bluberi inaweza kulimwa, angekucheka. Hilo lilikuwa tunda la porini. Wenyeji wa asili wa kaskazini-mashariki walilichuma na kulikausha vizazi kwa vizazi, na walowezi wakaja kuchuma papo hapo. Waliojaribu kuhamishia miche nyumbani waliipa udongo mzuri, samadi na chokaa. Ikafa.

Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo kule Washington, ndiye aliyeamua kuuliza mbona. Alianza majaribio 1906, na kinachonifurahisha ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilifanyika kwenye vyungu. Si maekari, vyungu tu, kila kimoja na udongo wake. Miche iliyowekwa kwenye udongo wenye rutuba ilidumaa. Iliyopewa mboji chachu, ile ambayo mkulima wa mahindi angeitupa, ilishamiri. Ripoti yake ya 1910 ilisema wazi: bluberi inataka asidi.

Nina miche miwili kwenye roshani hapa Nairobi, na ripoti hiyo ndiyo ninayoitetea kila wikendi. Mgeni akiingia tu, ana ushauri: weka majivu, tia samadi ya kuku. Ushauri poa kabisa, kwa sukuma wiki. Majivu hufanya kazi ya chokaa, yanaua asidi, na mmea huu unataka pH ya kama 4.5 hadi 5.5, karibu sawa na chai ya Kericho. Mizizi yake ni ya juujuu na haina vinyweleo, kwa hivyo hukauka haraka na pia huzama haraka. Unyevu, sawa, tope, hapana. Maji ya mvua ndiyo bora.

Tukirudi Marekani: mwaka wa 1911, Elizabeth White, aliyekuwa akisaidia kuendesha shamba la kranberi la babake huko New Jersey, alisoma ripoti ya Coville akamwandikia. Yeye alijua kitu ambacho mwanasayansi hakukijua: nani anaujua msitu. Aliwapa wachumaji wa eneo lile kipimo chenye tundu la milimita 16 hivi, akawalipa kwa kila kichaka chenye matunda yasiyopita hapo. Kisha akakipa kichaka jina la aliyekipata. Kichaka cha Rube Leek kikawa Rubel, kwa sababu White aliona Leek linanukia kitunguu. (Mimi ningeacha kitunguu.) Mwaka wa 1916 wakauza mavuno ya kwanza.

Rubel bado inalimwa, lakini hapa Nairobi ingekusumbua. Coville aligundua pia kwamba mimea hii, isipopata baridi ya kutosha, hulala tu bila kuamka. Zinazostawi Timau na Murang'a ni jamaa zake wa baadaye, wa aina iliyotokana na kazi ya Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida, aliyechanganya bluberi za kaskazini na za mwituni za Florida zisizohitaji baridi kali. Kwa hivyo kabla ya kumlipa muuza miche, muulize jina la aina yake. Akikujibu "ni bluberi tu", rudisha pesa mfukoni.