Ngitili ya Sauti

Kwetu Usukumani ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isilikanyage, nalo hufunguliwa wakati kiangazi kimekaza, yapata Julai au Agosti, majani yakiwa yamekwisha kwingineko. Ziko ngitili za kaya, na ziko za kijiji kizima. Hapa Kimali nimezoea kulitumia neno hilo kwa kitu ambacho babu zetu hawakukijua, nacho ni diski ya kuhifadhia kumbukumbu, ndogo kama daftari la mfukoni, iliyochomekwa nyuma ya ruta ya nyumbani. Wajukuu hunicheka. Hata hivyo historia ya vitu hivi viwili inakaribiana kuliko wanavyodhani.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na zote kwa jumla zilibeba herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu yaweza kuijaza. Hapa nchini kompyuta ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kisha ukaja mwaka 1974, nami nikiwa kijana, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka huo huo, katika Operesheni Vijiji, watu wengi wa huku walihamishwa kwenda kukaa pamoja, wakaziacha ngitili zao mbali bila mlinzi. Zikalishwa ovyo na kulimwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi katika mkoa wote wa Shinyanga, ambao hadi 2012 ulikuwa na sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikwisha kupita hekta 300,000. Zilirudi kwa sababu wenyeji waliachiwa kuamua nani aingie, lini, na mkosaji atozwe nini.

Swali hilo la nani aingie ndilo lililonishughulisha kuhusu diski.

Katika miaka ya 1980 nilirekodi katika kaseti wazee wa ukoo wetu wakieleza mipaka ya ngitili yetu: mti gani, mkondo gani wa maji, nani alimpa nani. Wote wamekwisha kufariki. Sasa matawi mawili ya ukoo yanavutana juu ya upande wa mashariki, na kila tawi hudai kwamba mzee fulani alisema lile linalolipendeza. Sauti za wazee hao ndizo zilizomo katika diski. Nilitaka kila mwanaukoo aliyefika nyumbani azisikilize kwa simu yake, lakini asiweze mtu yeyote kuzifuta wala kukata sentensi.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Diski huchomekwa katika tundu la USB la ruta. Kisha mtu hufungua kivinjari cha kompyuta, huandika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mathalani 192.168.1.1, na jambo la kwanza ni kubadili neno la siri lililotoka kiwandani. Ndani mna sehemu ya kushirikisha faili. Hapo nimeweka watumiaji wawili: mmoja ni wa kusoma tu, na neno lake la siri wanalo wote, wa pili aweza kuandika, nalo lake tunalo watu wawili, mmoja kutoka kila tawi. Ruta nyingi hufanya kazi hii kwa programu ya Samba, ambayo Andrew Tridgell aliianza akiwa mwanafunzi huko Canberra, Australia, mwaka 1992. Ruta ikiwa na kitufe cha toleo la kwanza la lugha hiyo ya mawasiliano, SMB, kizimwe: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipitia humo kikafunga kompyuta katika nchi nyingi. Na diski isifunguliwe kwa intaneti ya nje. Wanaoihitaji wapo sebuleni.

Hapo wengi huniuliza, je, kifurushi hakitaisha? Hakiguswi. Sauti hutoka katika diski kwenda katika ruta, na kutoka katika ruta kwenda kwenye simu, bila kupita mnara wowote. Hata laini ikitolewa, wazee huendelea kuzungumza.

Adui mkubwa ni umeme. Diski yenye sahani inayozunguka hunyonya umeme mwingi inapoanza, na tundu la ruta aghalabu halina nguvu ya kutosha. Utaisikia ikigonga tik-tik na kuzima. Nimeitafutia kigawanyaji cha USB chenye chaja yake. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, faili huharibika, kwa hiyo hatuongezi kitu mawingu yakitanda, na kabla ya kuichomoa tunaiamuru kwanza ruta iiachie.

Lakini ruta haikinzani na radi, wala haikinzani na mwizi. Diski ya pili iko Mwanza kwa binti yangu. Ajapo likizo, Juni na Desemba, huja nayo, tunanakili yaliyoongezeka mbele ya mtu wa kila tawi, naye huondoka nayo. Mara ya mwisho tuliongeza kaseti mbili. Zimebaki kumi na moja, na ile redio kaseti tunayozichezea mkanda wake wa mpira umeanza kulegea.