Tangu 1959 wanatuambia mwandishi wa programu hatahitajika tena

Kuna swali linazunguka kati yetu siku hizi: yule aliyejifunza Bubble, AppSheet ao Glide, alipoteza wakati? Majukwaa hayo yanakuwezesha kujenga aplikasio kwa kuvuta visanduku na kujaza meza, bila kuandika kodi (si ile kodi ya Leta, tulieni). Sasa akili bandia inaandika kodi yenyewe, ukiieleza kwa maneno ya kila siku. Visanduku ni vya nini tena?

Mimi ni agronome, si informatisie, lakini sehemu nzuri ya mkate wangu inatoka kwenye fomu na aplikasio ndogo za kooperative za wakulima. Swali linanigusa. Kwa hiyo nilirudi nyuma kuangalia, na kumbe hadithi hii imezidi wazazi wetu wengi umri.

Mwaka 1959, kule Marekani, kamati iliyokutana chini ya mwavuli wa Wizara ya Ulinzi ilianza kutengeneza lugha ya COBOL, ikifuata sana kazi ya Grace Hopper. Maagizo yaliandikwa kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida, ili hata mkubwa wa biro aweze kuyasoma. Bon, wakubwa wa biro waliandika programu? Hapana. Ilizaliwa kazi mpya ya waandishi wa COBOL, na kuna benki zinawalipa mpaka leo.

Miaka 20 kisha, mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc kwa mashine ya Apple II. Hii njo ilifaulu kweli. Mhasibu alibadili namba moja, jumla zote zikabadilika mbele ya macho yake. Excel ilifuata mwaka 1985. Hakuna mtu anaiita jukwaa la bila kodi, lakini kila aliyepiga hesabu za TFC yake ndani ya Excel alikuwa anaprogramu bila kujua.

Ile inayonisumbua zaidi ni HyperCard. Bill Atkinson aliitengeneza, na Apple ikaitoa mwaka 1987 pamoja na Macintosh. Ulikuwa unachora kadi, unaweka vifungo, unaandika maneno machache, aplikasio iko tayari. Walimu waliijengea masomo; mchezo mashuhuri wa Myst, wa mwaka 1993, ulianzia humo. Hakuna mwandishi wa kodi aliyeishinda. Mwenyewe njo aliichoka: Apple iliacha kuiuza mwaka 2004, na kazi za watu zikabaki zimefungwa ndani ya mashine za zamani. Google nayo, mnamo Januari 2020, ilitangaza kununua AppSheet, na mwezi uleule ikatangaza kufunga jukwaa lake lingine, App Maker. Waliojenga humo walipewa mwaka mmoja. Data ungeweza kuiokoa; aplikasio yenyewe ulipaswa kuijenga upya mahali pengine.

Linganisheni na kitu tunachokijua wote huku kwetu. Mwaka 2008, kwenye Chuo Kikuu cha Washington, kikundi cha Gaetano Borriello kilianza ODK, na juu ya msingi ule watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative wakajenga KoboToolbox. Stajieri gani wa Kivu hajazunguka vijijini na Kobo kwenye telefone, akijaza fomu mahali hakuna mtandao, kisha kutuma jioni akipata mega? Lakini angalieni fomu yenyewe ni nini: faili ya Excel. Mstari mmoja, swali moja. Safu moja inasema swali ni la aina gani, nyingine inakataza jibu lisilowezekana. Unaibeba kwenye flash. Seva ikifungwa leo, kesho unaipandisha kwenye nyingine.

Sasa akili bandia. GitHub Copilot ilionekana mwaka 2021, ChatGPT mwezi wa Novemba 2022, na Februari 2025 Andrej Karpathy akaipa jina tabia ya kuomba kodi na kuikubali karibu bila kuisoma. Kuvuta visanduku, nafikiri, kutakufa, juu kulikuwa ni njia ya kukwepa kuandika, na kuandika kumekuwa rahisi. Jukwaa linalouza visanduku tu halina siku nyingi. Lakini wenye majukwaa wanauza pia mahali pa kuweka data, ulinzi, nani aone nini, nani afute nini. Akili bandia inakupa kodi mistari 2.000 kwa dakika chache. Kiisha mtunza stoki wa kooperative anakuuliza kwa nini jumla haiendi, na wewe hujui kuisoma. Fomu ya Excel, yeye mwenyewe anaweza kuifungua na kukuonyesha kosa kwa kidole.

Na kuna kazi ambayo hakuna chombo kimeigusa tangu 1959. Mkulima anakwambia alivuna magunia 10 ya muhogo. Mbichi ao kosete kavu? Muhogo ukikauka unapoteza zaidi ya nusu ya uzito. Maharagwe anayahesabu kwa gigozi, shamba analipima kwa hatua. Niliomba akili bandia initengenezee fomu ya mavuno: ilitoka safi, yote kwa kilo na hektari, na hakuna hata mmoja kijijini angeweza kuijibu kwa ukweli. Niliisahihisha kwa nusu saa juu ilitoka katika muundo uleule wa Excel.

Kwa hiyo wadogo wanaoniuliza wajifunze jukwaa gani, nawauliza kwanza: siku likifungwa, unatoka na nini mkononi? Kooperative moja ninayoisaidia ina aplikasio ya stoki kwenye jukwaa silitaji jina, linalotaka dola kila mwezi kwa kadi ya benki ambayo wanachama hawana. Tumeanza kuihamisha. Data zimekwisha kutoka, ziko kwenye meza tatu za Excel. Sheria za nani anaruhusiwa kutoa mbegu, hizo tunaziandika upya na mtunza stoki, kwa Kiswahili, moja moja, kabla ya kuomba mashine yoyote kodi.