Kalamu ya Mwanafunzi

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa. Mama yake ni Chuo Kikuu cha Wakatoliki cha Louvain, Ubelgiji, na masomo yalitolewa kwa Kifaransa. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vyuo vikuu vya Kisangani na Lubumbashi; mwaka 1981 vikatengana tena. Lakini desturi moja ilidumu: mwanafunzi wa lisanse, awe wa sheria au wa uchumi, alimaliza kwa kuandika kitabu kiitwacho memuari, nao waalimu wakakipima.

Sisi wa Kindu, ambako leo kuna chuo kikuu, twaujua uzito wa kazi hiyo. Kijana husema Kiswahili nyumbani, huandika Kifaransa darasani. Akingojewa mpaka mwaka wa mwisho ndipo afundishwe kuandika, twapima mavuno ya shamba tusilolipalilia. Basi mwalimu wa kila somo, si wa lugha tu, ampe maandiko mafupi tangu mwanzo, amwonyeshe kosa, amrudishie aandike tena. Apime kwanza hoja, halafu sarufi. Kumhukumu mtu kwa jambo asilofundishwa si haki. Samaki mkunje angali mbichi.