Mizani ya Akili ya Mzee

Jirani yetu, mzee wa miaka 70 na ushei, husoma Yasini kwa moyo bila kukosea hata irabu. Alasiri moja, muda mfupi baada ya kuisoma, alipigiwa simu na kijana asiyemjua. Kijana akamwamkia, "Shikamoo babu," na mzee akamtajia namba yake ya siri, tarakimu moja baada ya nyingine, mbele yetu kibarazani. Kumbukumbu ilikuwepo. Kilichomtoka ni ile tahadhari ya kujiuliza, huyu ni nani na anataka nini kwangu? Demensia inayoshika sehemu ya mbele ya ubongo mara nyingi huanza hivyo: maneno yamejaa tele, ila kipimo cha watu kimelegea.

Cicero, katika kitabu chake juu ya uzee cha mwaka 44 KK, anasimulia kwamba Sophocles alishtakiwa na wanawe ili aondolewe kwenye mali, eti akili zimemruka. Mzee akawasomea mahakimu tamthilia aliyokuwa ameitunga karibuni, akawauliza kama hiyo ni kazi ya punguani. Wakamwachilia. Niliipenda sana hadithi hiyo. Siku hizi inanitia wasiwasi, maana jirani yangu naye angeshinda kesi ile kwa Yasini yake.

Wanafikihi walilitazama jambo hili kwa mtu na mali yake. Aya ya deni, katika sura ya Al-Baqara, inamtaka walii amwandikishie kwa uadilifu yule aliye dhaifu. Kwa Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu huku pwani, mtu mzima anayefuja mali huwekewa hajri, yaani zuio la kutumia mali yake, lakini talaka yake hupita: anafungiwa mlango mmoja, si nyumba nzima. Abu Hanifa alikataa kabisa kumzuia mtu mzima mwenye akili kwa sababu ya ufujaji tu. Kwake, kumvua mtu uamuzi ni kumshusha utu, na hasara hiyo inapita ya mali. Kila nikimkumbuka mzee na simu yake naelemea kwa Shafii. Nikiona wanawe wanavyomsemea mbele za watu, narudi kwa Abu Hanifa.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 juu ya uwezo wa mtu kujiamulia imekaribia hapo kwa njia yake. Uwezo hupimwa kwa kila uamuzi, na uamuzi usio wa busara pekee hauthibitishi kwamba mtu hana uwezo. Naiheshimu. Shida ni mahojiano yenyewe: mgonjwa wa aina hii hueleza hatari vizuri mezani, kisha akatoka na kutoa kila kitu kwa wa kwanza kumchekea.

Nyumbani kwa jirani waliafikiana, naye akiwepo, kwamba akaunti ishikwe na mkewe. Mfukoni akaachiwa noti chache. Muuza kahawa akipita jioni, ni mzee anayemwita, anahesabu vikombe, na kuwalipia wote kibarazani.